Begi la Kwenda Ngumi

Dada yangu Mwanate alinitumia ujumbe wa sauti kupitia simu ya jirani yake. Ulikuwa mfupi sana: "Esha, ndoo nikuone. Macho yanafunga."

Sisi Wabajuni husema ndoo pale wengine wanaposema njoo. Binti yangu Salma, aliyezaliwa na kukulia Mombasa, aliusikiliza tena na tena akidhani mama yake mkubwa anaagiza ndoo ya maji. Nilipomweleza tulicheka. Maneno yaliyobaki hayakuhitaji maelezo.

Mwanate anaishi Ngumi, kisiwa kidogo kusini mwa Kismayu, Somalia. Ndiko tulikozaliwa. Vita vilipozuka tulikimbilia Kenya pamoja. Kambi tuliyokuwamo ilipofungwa, yeye na mumewe walirudi kisiwani; mimi nilikuwa nimekwisha olewa Mombasa, nikabaki. Hatukuonana tena. Mumewe amefariki, na yeye amepatwa na presha ya macho. Daktari wa Kismayu alimwambia waziwazi kwamba uoni uliopotea haurudi, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu kupotea kwa ule uliobaki. Kwa hiyo mimi sikuwa nakwenda kuona mtu. Nilikuwa nakwenda kuonekana, na jambo hilo halikuweza kungoja mwaka mwingine.

Kizuizi kilikuwa mwili wangu. Nilishona nguo za watu miaka mingi mpaka baridi yabisi ikaniingia vidoleni. Mkono wa kushoto haukunjiki kabisa, wa kulia unatosha kushika fimbo, na goti moja hulalamika kila ninapopanda ngazi. Wanangu walipopata habari ya safari, mmoja alisema, "Mama, huwezi kukunja ngumi, utafikaje Ngumi?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini usiku ule niliamua kwamba nitakwenda, na kwamba nitakwenda na mzigo ninaoweza kuuendesha mwenyewe.

Mombasa, dukani. Niliyapita maduka kadhaa ya mabegi kabla sijaingia mahali. Mengi yana magurudumu mawili tu, na begi la namna hiyo sharti uliinamishe ndipo ulivute, kwa hiyo sehemu ya uzito wake huishia kwenye kifundo cha mkono. Dakika chache zilitosha kunijulisha kwamba hilo si langu. Yale ya magurudumu manne husimama wima, unayasukuma ubavuni kama unavyotembea na mtoto. Ila mengi kati ya hayo yana vigurudumu vidogo kama vifungo vya koti. Juu ya vigae huteleza vizuri. Juu ya kokoto hunasa.

Mwenye duka nililoingia mwisho aliitwa Kassim, kijana mwenye ndevu zilizotunzwa. Alinitolea begi gumu la plastiki linalong'aa kama kioo. "Hili ndilo wanalonunua wasafiri wote, mama."

"Lijaze," nikamwambia.

"Nilijaze nini?"

"Chochote. Viatu, mabegi madogo, mchele ukiwa nao. Begi tupu halinifundishi kitu."

Alinitazama kidogo, kisha akaanza kujaza viatu. Nikalitoa nje, nikalisukuma juu ya ile njia ya miguu iliyobomoka mbele ya duka lake. Gurudumu moja liliingia ufani likakataa kutoka. Tulijaribu la pili, na la tatu. Kufikia hapo Kassim alikuwa amesahau kuudhika, anatoka nje pamoja nami, anaangalia magurudumu kama mtu anayetazama mpira.

Tulilokubaliana lilikuwa la kitambaa kizito, la rangi ya machungwa, si kubwa. Lina magurudumu manne makubwa ya mpira, yamefungwa kwa skrubu, kwa hiyo likivunjika moja fundi yeyote anaweza kulibadilisha. Mpini wake ni mpana na kifungo chake hubonyezwa kwa kiganja, si kwa kidole gumba. Ubavuni na juu lina mishikio ya mkanda iliyoshonwa mara mbili. Mshono naujua, niliugeuza ndani nje nikauridhia. Rangi niliipenda kwa sababu moja tu: mimi siwezi kukimbilia begi lililochukuliwa kwa makosa, basi heri lionekane kutoka mbali.

Nyumbani nilimpa Salma kazi ya kufunga vitanzi vya utepe kwenye zipu zote. Zile ndimi ndogo za zipu sizishiki, ila kitanzi naweza kuingiza kidole nikavuta. Nguo, kanga za Mwanate, majani ya chai na dawa zake za matone tulizitia katika vifurushi vidogo vidogo vya nailoni. Dawa zangu mwenyewe ziliingia mkoba wa shingoni.

Nairobi. Salma alinisindikiza kwa treni, kisha kwa gari mpaka uwanja wa ndege. Pale mhudumu alinijia na kiti cha magurudumu. Nilitaka kukataa, nikaliangalia lile jengo lilivyo refu, nikakaa. Alinisukuma mimi, na mimi nikalisukuma begi mbele yangu kwa kiganja, likienda lenyewe sakafuni kama limefundishwa. Salma alisimama nyuma ya kizuizi akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Nilibadilisha ndege Mogadishu, nikafika Kismayu jua likiwa bado kali.

Kismayu, uwanja wa ndege. Kutoka kwenye ndege hadi jengo ni kutembea, na mahali pengine pana changarawe. Magurudumu yalilia lakini yakaenda. Askari mmoja alinitaka nifungue mzigo. Alipoona mikono yangu alijongea kunisaidia. Nikaingiza kidole kwenye kitanzi nikaifungua zipu yote kwa mvuto mmoja. Akainua nyusi. "Hooyo," akasema, yaani mama kwa Kisomali, halafu akaniashiria nipite bila hata kugusa kitu.

Nje alikuwa ananingoja Dahabo, mjane wa binamu yangu. Ni Msomali wa Kismayu, Kiswahili alikipata kwa mumewe na hakukiacha mumewe alipofariki. Ni mwanamke mrefu, sauti yake haijui kunong'ona. Alinikumbatia mimi kwanza, kisha akalitazama begi.

"Hili linakwenda na wewe mpaka Ngumi?"

"Linakwenda."

"Walaal," akasema, neno lao la ndugu, "kule hakuna lami. Hakuna hata njia. Kuna mchanga na kuna mai."

Mai ni maji kwa Kibajuni. Hata Kiswahili chake ni cha nyumba yetu. Tulipanda bajaji, begi tukaliweka miguuni. Tulipita vizuizi vya askari, maduka ya vitambaa, mbuzi waliolala kivulini mwa magari, harufu ya samaki na mafuta ya taa. Nyumba yake iko mtaa wa karibu na pwani, ndani ya kichochoro ambacho bajaji haiingii. Pale chini ni udongo mgumu na mawe yaliyotokeza. Nililisukuma begi mpaka mlangoni mwenyewe, na Dahabo akatembea nyuma yangu bila kusema neno, jambo ambalo nilikuja kujua kwamba si la kawaida yake.

Jioni, tukila anjera, mkate wao mwembamba, kwa chai ya maziwa, alirudia hoja yake. Alinitaka niache nusu ya vitu kwake. Nikabisha. Akafungua begi, akavitoa vile vifurushi kimoja kimoja, akauliza kila kimoja kina nini na nani atakivaa. Kwenye gauni la tatu nikasalimu amri. Tukayaacha magauni, viatu vya pili na mfuko wa unga ambao hata leo sijui kwa nini niliuchukua, kana kwamba Somalia hakuna unga.

Asubuhi iliyofuata, safari ya bahari. Boti ilikuwa ya faiba, ya mashine, imebeba magunia, madumu ya mafuta, wanawake wawili wa kisiwa cha Koyama na mimi. Nahodha aliitwa Lali, Mbajuni wa kisiwa cha Chula, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Msaidizi wake Bakari, mwanamume mwenye mabega mapana, alilishika begi kwa ule mkanda wa ubavuni akalipandisha kwa mkono mmoja. Akalipapasa. "Hili limeshonwa na mchu anayejua kazi," akasema; mchu kwetu ni mtu. Nilitabasamu kama nimelishona mimi. Wakalifunika kwa turubai, kwa sababu mawimbi hunyunyiza, na tukaenda tukiiacha bara kuumeni mwetu.

Nilikuwa nimeisahau rangi ile. Mombasa kuna bahari, lakini huku maji juu ya miamba yana rangi ambayo sikuwahi kuipata katika kitambaa, na nilitafuta. Lali alinitajia visiwa kila tulipovipita, ingawa alijua ninavijua. Wanawake wa Koyama walishuka kwao. Mbele kidogo mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

"Mai yameingia kwenye mafuta," akasema Lali, na wala hakuharakisha. Yeye na Bakari walifungua hiki na kile, wakamwaga, wakafuta, wakapuliza mrija kwa mdomo. Nilikaa juu ya gunia na fimbo yangu magotini. Hofu haikunishika sana. Kilichonikera ni jua, lililokuwa linasogea, na maji, niliyoyaona yanaondoka polepole kwenye ncha za miamba. Lali naye aliyaona.

"Tutafika, Bi Esha. Ila tutafika mai yametoka."

Ngumi. Tulifika maji yametoka kweli. Hakuna gati. Maji yakijaa boti huenda karibu kabisa na mchanga. Yakitoka, kati ya boti na nchi kavu hubaki uwanda mrefu wa mawe, mwani na vidimbwi, maji ya kifundo hapa, ya goti pale. Nikaona kijiji changu: nyumba za mawe, mapaa ya makuti, watu wamesimama ufuoni wameweka mikono juu ya nyusi. Nikaangalia uwanda ule na goti langu likanijibu kabla sijaliuliza.

Nilikuwa nimelipima begi kwenye kokoto, ufa, vigae na mawe ya kichochoro. Kwa mahali hapa gurudumu halikuwa na faida yoyote. Bakari na mwenzake aliyetoka ufuoni walipitisha kasia ndani ya mishikio miwili, ya juu na ya ubavuni, wakaliinua mabegani na begi langu la machungwa likaondoka likining'inia kama papa aliyevuliwa. Mimi nikabaki.

Baada ya muda waliniletea kitanda cha kamba, watu wanne wamekishika miguu.

"Lala hapo tukupeleke," akasema mmoja.

"Kitandani?"

"Ndiyo, ni rahisi kubeba."

"Mimi nitabebwa juu ya kitanda siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na la kusema," nikawaambia. "Leo bado ninalo. Kirudisheni."

Lali aligeuka upande akicheka. Wale watu walitazamana. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini nilikuwa nimetoka Mombasa kwenda kumwonyesha dada yangu uso wangu, na sikutaka jambo la kwanza atakalolisikia liwe kwamba mdogo wake ameletwa kama maiti. Nikamwambia Lali nitatembea. Nikashuka. Hatua chache tu na fimbo ikazama kati ya mawe, nikamshika yeye kwa kiwiko changu kwa sababu vidole havikuweza, tukasimama hivyo, maji yakitupita miguuni. Nilijua kwamba nikianguka hapa na kuvunjika, hakuna hospitali karibu, na Mwanate ataniona nikiwa nalia.

"Je, kiti?" Lali akauliza kwa upole. "Kiti cha kukalia. Kila nyumba inacho."

Kiti nilikikubali. Kikaja, cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umeshikwa kwa waya. Nikakaa, Lali na Bakari, aliyekuwa amerudi, wakakiinua, na nikavuka uwanda ule nimenyooka, fimbo mapajani, kama ninayepelekwa kuhudhuria kikao.

Mwanate alikuwa mbele ya watu wote, mkono wake begani kwa jirani. Ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na amekonda. Uso wake ulielekezwa pembeni kidogo ya mahali nilipo.

"Nani huyo mnayemleta kama bibi harusi?" akauliza.

"Ni mimi, dada."

Aliunyoosha mkono ukakuta mguu wa kiti, kisha goti langu, kisha mkono. Alivipapasa vidole vyangu vilivyopinda, kimoja baada ya kingine. "Hii ndiyo mikono iliyokuwa ikinishonea?" akasema. Akanivuta kichwa akakiweka kifuani kwake, nami nikiwa bado nimekaa juu ya kiti, na maji yakitiririka kutoka kwenye gauni langu.

Ndani ya nyumba. Jioni ile hakuniona. Aliniambia kwamba mwanga ukipungua anabaki na giza tupu, na hata mchana huona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kitu kidogo katikati, pembeni hakuna kitu. Basi tulizungumza. Tuliwataja wazazi wetu, tukawataja waliokufa baharini na waliokufa kambini, akanieleza jinsi mumewe alivyougua. Tulipochoka tulilala chumba kimoja kama utotoni.

Asubuhi, jua lilipopanda vya kutosha, alinikalisha kizingitini uso wangu ukielekea mwanga. Akakaa mbele yangu karibu sana, akashika kidevu changu.

"Usicheke na usiseme," akasema. "Nakukusanya."

Akaanza na jicho la kulia. Akalitazama mpaka nikaanza kuona haya. Kisha la kushoto. Kisha pua, akasema ni ya baba, bado ni ya baba. Akapita shavuni, akapata kile kikovu cha siku nilipoangukia nanga, akakipoteza kidogo kisha akakipata tena. Midomo. Masikio. Nywele zilizokuwa nyeupe chini ya mtandio. Kila sehemu aliitazama peke yake, kisha alifumba macho kama anayeiweka mahali pake, akafumbua tena kutafuta nyingine. Nilihisi pumzi yake usoni. Nje watu walipita wakasalimia, naye hakuwajibu.

Mwisho aliniachia kidevu. "Sasa nimekuona," akasema. "Umezeeka. Unafanana na mama." Akainuka kwenda kupika chai, na mimi nikabaki pale kizingitini muda mrefu, sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Siku zilizofuata begi langu halikutembea. Juu ya mchanga mwepesi wa Ngumi magurudumu yalizama mpaka nusu, na nikaacha kujaribu. Tulilisimamisha ukutani tukaweka juu yake birika na vikombe. Mwanate alipenda kulipapasa. Aliuliza kila kitu: huu ni nini, hiki kinabonyezwa wapi, vitanzi hivi vya nini. Alitoa mpini akaurudisha, akautoa tena. Nikamweleza ugomvi wangu na mabegi ya magurudumu mawili na Kassim akinijazia viatu, akacheka mpaka akakohoa.

Kurudi. Macho ya Mwanate yalikaribia wakati wa kupimwa upya, kwa hiyo tuliondoka pamoja. Safari hii Lali alichagua maji ya kujaa. Boti ilisogea mpaka mchangani, nikapanda kwa kushikwa mkono tu. Kile kiti cheupe kilikuwa ufuoni, mtu amekikalia akitengeneza wavu.

Kismayu tena, kichochoroni kwa Dahabo. Bajaji ilitushusha mwisho wa njia. Kwa kawaida Mwanate huongozwa hapo kwa kushikwa mkono, na alikuwa amenisimulia asivyopenda: wanaomwongoza huenda kwa mwendo wao, yeye hujikwaa, kisha wao ndio humwambia pole. Mimi nilikuwa na fimbo mkono mmoja na kiganja changu kibovu juu ya mpini. Nikamwambia ashike mpini pamoja nami. Ule mpini mpana ulitutosha sote wawili.

Tulikwenda. Mimi nilitazama, yeye akashika. Mawe yalipokuja begi lilipanda kwanza, akainua mguu bila kuambiwa. Palipoinama, begi lilishuka kwanza, akapunguza mwendo. Katikati ya kichochoro alisimama.

"Esha, achia."

"Utagonga ukuta."

"Nikigonga, litagonga hili kabla yangu. Achia."

Niliachia. Alilisukuma mbele yake, mikono yote miwili juu ya mpini, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza redio iliyo mbali. Lilipogusa ukuta alilisogeza. Lilipogusa jiwe alilizunguka. Alifika mlangoni kwa Dahabo akabisha hodi kwa sauti kubwa, kama ya mtu mwingine kabisa. Dahabo alipofungua na kumwona peke yake alianza kupiga kelele akinitafuta mimi.

Usiku ule nilitoa vitu vyangu vichache nikavitia katika mfuko mwepesi wa kuvaa mgongoni ambao Dahabo alikuwa nao. Mwanate alinisikia nikihangaika na vifurushi.

"Unafanya nini?"

"Begi ni lako."

"Hapana. Ulizunguka mji mzima ukilitafuta. Wewe utaendaje?"

"Uwanja wa ndege kuna kiti na watu. Mimi ninaona njia, dada. Na sina mzigo tena, zawadi zote nimekwisha kukupa."

Alilipapasa begi. Kisha akasema tu, "Basi nionyeshe tena kile kifungo." Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya kifungo.

Tuliagana uwanja wa ndege bila maneno mengi. Hakuniomba nirudi, na mimi sikumwahidi. Aliugusa uso wangu wote kwa viganja viwili, haraka haraka, kama anayehakikisha kwamba hajasahau kitu.

Mombasa. Salma alinipokea kituoni. Alinitazama, akatazama nyuma yangu. "Mama, begi liko wapi? Limepotea?"

"Limepata kazi," nikamwambia, na kumsimulia kukatuchukua mpaka nyumbani.

Tangu hapo wanawake wenzangu wenye magoti na mikono kama yangu wamekuwa wakiniuliza nilichojifunza kuhusu mabegi. Nawaambia walijaze begi dukani, walisukume nje, wajaribu kifungo kwa ule mkono mbovu, si kwa ule mzima, na watazame kama magurudumu yanaweza kubadilishwa. Nawaambia wapunguze vitu, kisha wapunguze tena. Nawaambia pia kwamba mimi nilipima begi langu kwa barabara, na sehemu iliyonishinda haikuwa barabara. Pale palihitajika mishikio ambayo watu wengine wangeweza kuikamata, na mimi nilihitaji kuchagua namna ya kusaidiwa bila kuona haya kuisema. Kukataa kitanda cha mtu ukamwomba kiti si kumkosea adabu.

Juzi Dahabo alinipigia simu. Mwanate alikuwa mjini kwa matone yake, na alikuwa amekataa kusindikizwa zahanati. Alitoka asubuhi akilisukuma begi tupu mbele yake. Dahabo, asiyejua kunyamaza, alijilazimisha kunyamaza, akamfuata kwa mbali akitembea kwa vidole vya miguu. Walipita kichochoro chote hivyo, wakavuka mtaro, wakafika mahali penye kona ya duka la vitambaa. Hapo Mwanate alisimama, bila kugeuka.

"Dahabo," akasema, "rudi nyumbani. Nasikia viatu vyako."

Dahabo akarudi.